Mwosha Matumbo na Panya Wanane

Panya thelathini na sita wa Ohio walikufa wote, na lawama ikamwangukia mwanamke wa San Diego ambaye Ohio hajaiona hata kwenye kalenda.

Habari ilifika Jumatatu asubuhi, ukungu wa Juni bado umekaa juu ya chuo. Tencha aliingia maabara na boksi la mikate mitamu, kama kila Jumatatu, akamkuta Profesa Brubaker amesimama mbele ya kompyuta. Nyuma yake alikuwepo Macaraeg, mwanafunzi wa uzamivu, kijana wa Kifilipino kutoka National City ambaye kwa kawaida mdomo wake hauna likizo. Leo kanyamaza.

"Mna nini nyie? Kafa nani?"

"Panya, shangazi," Macaraeg akasema.

"Wangapi?"

"Wote. Si wetu, wa Ohio."

Tencha akacheka, akafungua boksi. "Basi pole zao. Haya, kuleni, bado ya moto."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo alipojua kwamba wale panya wa watu walikuwa na jambo na yeye.

Jambo lenyewe si gumu, ingawa wasomi hupenda kulifanya gumu ili tuwaogope. Mtu akipoteza damu nyingi, au akishikwa na maambukizi makali, presha huporomoka, na utumbo ndio wa kwanza kunyimwa damu. Ukuta wake hulegea. Na mle ndani ya utumbo mna vimeng'enya, maji makali ya kongosho yanayosaga nyama tunayokula. Ukuta ukiwa mzima hayana pa kupita. Ukilegea, yanatoka na kuanza kumsaga mwenye nyumba. Mtu huyo unaweza kumrudishia damu yake yote mpaka tone la mwisho na bado akafa, viungo vikizimika kimoja baada ya kingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kinachomla ki tumboni mwake.

Brubaker alikuwa mzee wa Nebraska aliyebakiza miaka miwili astaafu, na wazo lake lilikuwa moja tu: dawa ya kuvizuia vimeng'enya isitiwe kwenye mshipa, itiwe mle mle vilimo, ndani ya utumbo. Miaka sita alilihangaikia. Panya waliotiwa dawa walipona wengi, waliotiwa maji ya chumvi walikufa karibu wote. Makala ikatoka, watu wakapiga makofi, na hospitali moja ikaanza kujiandaa kuijaribu dawa kwa wagonjwa. Kisha maabara moja ya Ohio ikafuata makala ile neno kwa neno, na panya wake wote, wa dawa na wa maji ya chumvi, wakateketea.

Sasa nani aliyewapasua panya wa San Diego? Si Brubaker, ambaye mikono ilikwisha kuanza kumtetemeka. Ni Tencha, wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Jina lake kamili ni Hortensia Zazueta, lakini anayelitumia ni afisa wa mpakani peke yake. Alizaliwa Tijuana, ng'ambo ya mpaka kutoka San Diego, mtaa wa Libertad, pale ambapo uzio wa mpaka ndio ukuta wa uani. Baba yake, don Filemón, aliuza taco za matumbo, vichapati vya mahindi vilivyokunjiwa nyama, karibu na soko, na binti alipofika miaka saba alikabidhiwa ndoo, akaambiwa: hii ndiyo shule yako ya asubuhi. Akaosha matumbo ya ng'ombe na ya kondoo mpaka akaolewa na fundi wa kuchomelea meli upande wa pili, San Diego. Huko akapata kazi ya kuosha vizimba vya panya chuoni. Unaona mwenyewe: kuosha kulimfuata.

Aliosha vizimba miaka tisa. Siku moja mwanafunzi mmoja alizimia katikati ya upasuaji, makasi mkononi, puu, chini. Mshipa wa panya ukafunguka. Tencha, aliyekuwa anapita na toroli la vizimba, aliliacha toroli, akaubana mshipa kwa kucha mbili, akasimama hivyo dakika kumi bila kutikisika mpaka Brubaker akaja.

"Umejifunza wapi?" Brubaker akamuuliza.

"Kwa baba yangu."

"Daktari?"

"Muuza matumbo."

Wiki iliyofuata akampa makasi. Na Brubaker alipowaeleza wanafunzi wazo lake la vimeng'enya kwa mara ya kwanza, kwa michoro na mishale ya rangi nne, Tencha aliangua kicheko kule nyuma. Akasema kila muuza matumbo anajua kwamba ukiacha kongosho limeshikana na utumbo, ikifika adhuhuri una uji kwenye ndoo. Wanafunzi walidhani mzee atakasirika. Badala yake alisogeza kiti mbele, akamwomba arudie polepole, akaandika.

Ndiyo maana swali alilomuuliza Jumatatu ile lilimchoma.

"Tencha, nijibu ndiyo au hapana. Umewahi kujua, kabla ya kupasua, bomba lipi la sindano lina dawa na lipi lina maji ya chumvi?"

Ndiyo njia pekee ya kudanganya katika kazi ile. Ukijua yupi kapewa dawa, unaweza kumshona huyu vizuri na yule vibaya, na hata Mungu akahitaji miwani kukugundua.

"Hapana," Tencha akasema.

"Najua."

"Kama unajua, unauliza nini?"

"Kwa sababu wataniuliza mimi. Nataka niweze kusema nimekuuliza." Mzee akavua miwani. "Jumatano anakuja Daktari Tolliver, mkuu wa maabara ile ya Ohio. Anataka kukuona ukifanya kazi. Asiporidhika, makala itaondolewa na hospitali itaacha mpango wake. Na wataandika ni mkono wa nani uliopasua."

Mkono wenyewe ni mmoja tu. Hakuhitaji kumalizia.

Jioni Tencha alimpigia simu mama yake kule Tijuana, doña Cleofas, miaka themanini na ulimi wa pilipili. Akamweleza yote.

"Wamekuita mwongo?"

"Bado, mama. Wanakuja kuniita Jumatano."

"Wewe uwongo huujui, binti yangu. Ulipovunja sahani ulikuwa unakuja kuniambia kabla haijafika chini. Wakikufukuza njoo, ndoo yako ipo." Bibi akakata simu. Tencha akacheka na kulia kwa pamoja, jikoni, mwiko mkononi.

Daktari Tolliver alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nywele za mvi zimekatwa chini kabisa, na daftari ambalo hakuliweka mezani hata alipokuwa ananawa. Alisalimia kwa heshima. Mkate aliukataa.

"Bi Zazueta, fanya kama unavyofanya siku zote. Mimi sipo."

"Sawa, daktari," Tencha akajibu, na kimoyomoyo akasema: laiti.

Akaanza. Panya alikwisha kupewa dawa ya usingizi na ya maumivu, amelala chali juu ya kitambaa cha joto. Mrija mwembamba ukaingia mshipani. Damu ikatolewa kidogo kidogo, presha ikashuka pale kwenye skrini, na Brubaker, kama kawaida yake, akaketi akiikodolea macho skrini na kumpa Tencha mgongo. Ilipopita saa nzima, Tencha akafungua tumbo kidogo, akautoa utumbo juu ya shashi yenye majimaji, akaingiza dawa kwa sindano karibu na tumbo la chakula, akafunika kwa shashi nyingine ili usikauke. Mikono yake ikaendelea na kazi humo chini.

"Subiri," Tolliver akasema. "Hapo unafanya nini?"

"Wapi?"

"Chini ya shashi. Vidole vyako."

"Nasukuma."

"Unasukuma nini?"

"Dawa. Itafikaje kule mwisho? Kwa miguu?"

Macaraeg kicheko kikamtoka puani. Tolliver hakucheka. Alifungua makala, akapitisha kidole kwenye mstari. "Hapa pameandikwa: dawa ilitiwa ndani ya utumbo mwembamba. Basi. Hakuna kusukuma."

"Sasa daktari, ukiambiwa nawa mikono, unaandikiwa na kufungua bomba?"

Kiti cha Brubaker kikageuka, kikilia. Mzee alikuwa mweupe kuliko koti lake.

"Tencha. Unafanya hivyo kila mara?"

"Kila mara."

"Kila panya?"

"Wote. Wa dawa na wa maji ya chumvi. Sijui yupi ni yupi, nitawabagua vipi?"

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka saba! Profesa, utumbo si mfereji. Umejikunja mara mia. Ukimimina maji juu ukangoja yatokee chini, utangoja mpaka kiyama. Unaloweka vidole, unabana hapa, unateleza nao, unabana tena. Pole pole, usiupasue. Mtoto anayeosha matumbo anajua."

"Hapa hakuna hata mmoja aliyewahi kuosha matumbo!" Brubaker akapiga kelele, akashika kichwa. "Miaka sita nimekaa kwenye kiti hiki! Miaka sita nakutazamia skrini!"

Na Tolliver naye, yule mkavu, akawa amesimama, daftari limemwanguka hata hakuliokota. "Sisi tulichoma sindano tukafunga," akasema haraka haraka. "Dawa ilikaa palepale ilipoingia. Utumbo uliobaki wote ulikuwa mtupu. Thelathini na sita... Mungu wangu, tulimlinda panya kwa urefu wa kidole!"

Chumba kizima kikaanza kusema kwa wakati mmoja. Macaraeg alikuwa anachora utumbo kwenye karatasi ya kupangusia mikono. Brubaker alikuwa anamuuliza Tencha vidole vingapi, kwa nguvu gani, kwa dakika ngapi. Tencha alimjibu huku anamshona panya wake, maana panya hangoji wasomi wamalize kushangaa.

Kisha sura ya Tolliver ikarudi ilivyokuwa.

"Au," akasema, "kukanda ndiko kunakoponya, na dawa haifanyi kitu."

Wote wakamtazama.

"Wa maji ya chumvi nao nawakanda," Tencha akasema. "Na wanakufa."

"Hayo unayasema wewe, Bi Zazueta."

Haikuwa kelele, ilisemwa kistaarabu kabisa, na labda ndiyo maana iliuma zaidi. Damu ikampanda Tencha mpaka masikioni. Miaka kumi na tisa ya kusema *ndiyo daktari*, *samahani daktari*, ikamtoka mara moja.

"Ndiyo, nayasema mimi. Basi shika makasi, useme wewe!"

Macaraeg akaangalia dari. Na Tolliver, badala ya kukasirika, akaokota daftari lake, akalifuta vumbi, akatoa tabasamu la kwanza tangu atue San Diego.

"Haya," akasema. "Nifundishe."

Wakapanga papo hapo. Kesho yake, panya wanane. Wanne atawapasua Tencha, wenye namba witiri. Wanne Tolliver, wenye namba shufwa. Wote wanane watakandwa. Macaraeg atajaza mabomba peke yake, manne ya dawa na manne ya maji ya chumvi, mawili mawili kwa kila mpasuaji. Atabandika namba, aandike orodha, aitie kwenye bahasha, na Tolliver atie saini juu ya gundi. Ikiwa kukanda peke yake kunaponya, watapona wote. Ikiwa Tencha ni mwongo, wa dawa na wa chumvi watatoka sawasawa. Na ikiwa mambo ni kama alivyosema, basi bahasha itasema.

Lakini kwanza mtu afundishwe. Mchana ule Macaraeg alitumwa kwa muuza nyama wa mtaa wa Barrio Logan, akarudi na utumbo wa mwanakondoo ndani ya ndoo, na galoni ya juisi ya choya, nyekundu, ili ionekane inapopita. Wakaweka sinia kwenye chumba cha chai. Watu wa maabara ya jirani waliokuja kupasha chakula walifungua mlango, wakaona, wakaufunga.

"Vidole viwe na maji," Tencha akasema. "Sasa bana. Si hivyo, hapo unakaba. Hukamati mwizi."

"Hivi?"

"Teleza. Sukuma mbele, usirudi nyuma. Daktari, usiuangalie sana, usikilize kwa vidole."

"Utumbo hausikilizwi kwa vi—"

Ukapasuka. Juisi ya choya iliruka, ikampata Brubaker kifuani, shati jeupe. Mzee alijitazama, akasema kwa upole, "Sasa naona unapita," na hapo hata Tolliver alicheka mpaka akaegemea friji.

Mara ya nane wekundu ule ulikwenda wote, pindo kwa pindo, ukatokea mwisho bila kumwagika. Tolliver akautazama kwa namna ambayo Tencha aliitambua, maana ndivyo alivyoutazama yeye utumbo wake wa kwanza. Tencha akasahau kumchukia kwa muda wa saa nzima. Kisha akakumbuka.

Alhamisi walianza mapema, meza mbili, mgongo kwa mgongo. Safari hii Brubaker hakutazama skrini. Aliitazama mikono, akienda huku na huku kama mzazi aliyeleta mapacha shule. Tencha hajapata kufanya kazi vizuri vile. Kila fundo lilikaa. Panya namba tatu hasa, yule alimshona mpaka akajisifu moyoni: huyu nikimfunga utepe ni zawadi. Nyuma yake alimsikia Tolliver akihema na kunong'ona, "Teleza. Mbele. Usikabe."

Walipomaliza, damu imerudishwa, panya wote wanane walikuwa hai kwenye vizimba vyao vya joto. Hapo kazi ya mkono huisha, na inayobaki ni kungoja, ambayo mkono hauiwezi.

Saa tisa mchana namba nane alizidiwa. Aliyezidiwa hulazwa usingizi wa mwisho, ndiyo sheria, na Tencha ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kwa hilo pia. Saa kumi akafuata namba tano. Na saa kumi na nusu, namba tatu, yule wa utepe, akalala ubavu na pumzi yake ikawa fupi fupi. Tencha alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. "Kwa nini wewe?" akamwambia. Kisha akafanya lililopasa.

Ijumaa asubuhi alifika wa kwanza. Aliwasha taa, akapita kizimba kwa kizimba. Namba moja amekufa. Namba nne amekufa. Namba mbili anakunywa maji. Namba sita ananawa masharubu. Namba saba amesimama kwa miguu ya nyuma, anamdai chakula.

Akapiga hesabu. Katika wanne wake, mmoja tu mzima. Katika wanne wa mgeni, wawili. Mkono uliojifunza juzi kwenye sinia ya chumba cha chai umeushinda mkono wa miaka yote ile. Akaketi juu ya gunia la chakula cha panya, akaona kila kitu kinaondoka: makala, mzee na heshima yake, kazi, na jina lake, ambalo halikuwa kubwa lakini lilikuwa safi. Wenzake walipoingia hakusimama.

"Watatu," akasema. "Wangu mmoja."

Tolliver aliikagua saini yake kwenye bahasha, akaigeuza, akampa Macaraeg. "Fungua wewe."

Macaraeg akaichana bahasha. Karatasi ikatoka, akaisoma bila sauti kwanza, midomo ikicheza.

"Soma, mwanangu, utaniua!" Brubaker akasema.

"Maji ya chumvi," Macaraeg akasoma. "Namba moja. Namba nne. Namba tano. Namba nane."

"Wamekufa," Tolliver akasema. "Moja, nne, tano, nane. Wote wanne, na wote tuliwakanda. Wawili niliwakanda mimi mwenyewe."

"Dawa," Macaraeg akaendelea, na sauti sasa ilikuwa inampanda. "Namba mbili. Namba tatu. Namba sita. Namba saba!"

"Mbili yupo! Sita yupo! Saba yupo!" Brubaker alikuwa anapiga meza kwa kiganja, vizimba vinaruka, na panya watatu wakimtazama.

Ilimchukua Tencha muda. Alikuwa bado ameganda na namba tatu wake, yule aliyemshona vizuri kuliko wote, aliyepewa dawa na bado akafa. Kisha likamwingia, taratibu, halafu lote kwa pamoja: mbili na sita walikuwa wa Tolliver. Wa dawa wa Tolliver walikuwa wawili, na wote wawili wazima. Yule aliyekuja kumwumbua, asiyeamini, aliyejifunza juzi, ndiye aliyewaponya wote wa kwake waliopewa dawa. Wangepona wa Tencha peke yao, watu wangesema ni yeye, ni ujanja wake. Sasa si yeye. Ni kweli tu. Furaha ikampanda kwa nguvu mpaka akapiga kelele, akamkumbatia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu alikuwa Daktari Tolliver, daftari limebanwa katikati yao.

"Umenishinda!" Tencha alikuwa anasema, machozi yanamtoka. "Umenishinda, mwanamke wewe!"

"Panya wanane si hoja," Brubaker akasema, akijaribu kuwa profesa na kushindwa. "Hatujaponya mtu yeyote bado. Tunarudia kwa arobaini. Tunarudia kwa nguruwe. Tunaandika upya!" Akachukua mkate mtamu wa Jumatatu, mkavu kabisa, akauuma kama wa leo.

Tolliver alijitoa polepole. Akarekebisha koti lake.

"Bi Zazueta, mimi nilikuja hapa nikiamini umetudanganya. Nilisema hivyo mbele ya watu kumi na wanne kule kwetu. Nisamehe."

"Yameisha, daktari."

"Hayajaisha. Wale watu kumi na wanne hawajasikia." Akaweka simu katikati ya meza, akapiga, akabonyeza kipaza sauti. Upande wa pili vikasikika viti vikivutwa, mtu akikohoa. Ilikuwa Ohio.

"Mko wote?" Tolliver akasema. "Chukueni kalamu. Sisi ndio tuliokosea. Ipo hatua ambayo haikuandikwa, na leo nimeiona ikifanya kazi kwa mikono yangu mimi. Nitawapa aliyenifundisha." Akaisogeza simu mbele ya Tencha.

Tencha akaitazama simu. Miaka kumi na tisa maabara, hakuna aliyewahi kumpa simu. Akafuta mikono kwenye koti ingawa ilikuwa mikavu, akasogea.

Akawaeleza. Alianza kwa sauti ndogo, kisha akasahau kuogopa. Jinsi ya kuloweka vidole, pa kubana, jinsi ya kuteleza bila kukaba, jinsi utumbo unavyojikunja na kuficha pembe ambazo dawa haizifikii yenyewe. Upande wa pili hakuna aliyemkatiza. Zilisikika kalamu.

Kisha sauti ya kijana mmoja, ya mtu anayeogopa kuuliza swali la kijinga, ikasema: "Samahani, daktari. Ni vidole viwili au vitatu?"

Tencha akageuka kumwangalia Tolliver, ili ajibu. Tolliver alikuwa ameinama kwenye daftari lake, kalamu tayari, naye anangoja jibu.

"Viwili," Tencha akasema.